Begi la kitambaa au la plastiki? Angalia njia kwanza

Ikikaribia Idi au likizo ya Desemba, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Dada, nataka begi la safari. Nichukue la kitambaa au lile gumu la plastiki?" Wanaoniuliza wanajua kwamba mimi ni mtu wa Dar, Unguja na Muscat, na kwamba chini ya kitanda changu hakuna nafasi ya kitu kingine zaidi ya mabegi. Nami huwarudishia swali: likishuka kwenye ndege, linapanda nini?

Wengi hununua begi kwa kuifikiria ile sakafu ya uwanja wa ndege tu, pale ambapo tairi nne zinateleza zenyewe na unalisukuma kwa kidole huku unaongea na simu. Safari zetu haziishii hapo. Mtu akishatoka uwanjani anakwenda Mbezi kupanda basi la Tanga au Songea, na begi linaingia kwenye buti pamoja na magunia ya mchele, ndoo za samaki na godoro la mtu. Au anakwenda bandarini, mchukuzi anali­rusha juu ya mkokoteni, linarundikwa na wenzake ndani ya boti, kisha linaburutwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Anayekwenda Lamu ndiyo kabisa. Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, unavuka kwa boti, na ukifika mjini hakuna teksi inayokungoja. Ni mkokoteni, punda au bega la hamali. Kwa hiyo mimi huchagua begi kwa kukiangalia kile kipande cha njia kilicho kibaya kuliko vyote.

Kama kipande hicho ni buti la basi, chukua kitambaa, usijiulize mara mbili. Utingo akikosa nafasi hulisukuma begi kwa goti mpaka liingie. La kitambaa hubonyea, likakaa kwenye pengo lililobaki, na nguo zilizomo ndani hubeba uzito wa gunia la juu yake. Gumu halikubali kubonyezwa. Likiwa halijajaa vizuri, katikati pana uwazi, na uzito wote unalalia ubavu usio na kitu nyuma yake. Hapo ndipo huvunjika, mara nyingi kwenye kona au pale tairi zinapoungana na gamba.

Lakini plastiki nazo haziko sawa, na hapa ndipo wauzaji hutuchanganya. Angalia lebo ya ndani. ABS ndiyo ya bei nafuu: ngumu, inang'aa, rangi zake zinavutia, ila ikipigwa sana hupasuka, na ukiikunja huacha mstari mweupe usiofutika. Polikaboneti, ambayo huandikwa PC, ni ghali zaidi. Ukiibonyeza inaingia ndani na kurudi mahali pake. Kuna polipropilini pia, PP, ambayo haing'ai sana, ni nyepesi na haivunjiki ovyo. Mengi yaliyoko madukani Kariakoo yameandikwa PC+ABS, yaani mchanganyiko, na kiasi gani cha kipi kimo humo anajua aliyelitengeneza. Usitegemee lebo peke yake. Simamisha begi, weka vidole gumba viwili katikati ya ubavu, bonyeza kwa nguvu. Likirudi laini bila kuacha alama, endelea na mazungumzo ya bei. Likilia "kra", mrudishie mwenyewe.

Kwenye kitambaa nako kuna namba, na muuzaji atakutajia 600D au 1680D kwa fahari kubwa. Hiyo D ni denieri, uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikiwa kubwa uzi ni mnene, basi. Haisemi chochote kuhusu mshono. Binafsi nageuza begi nje ndani, natazama kama mishono ya kona imefungwa kwa utepe na kama kuna safu ya mpira au plastiki nyuma ya kitambaa ya kuzuia maji. Nailoni huhimili msuguano kuliko poliesta, ila poliesta nzito iliyoshonwa vizuri itakufikisha popote.

Sasa nilitetee gumu, maana ninalo na silitoi. Sisi tunaokwenda kwa ndugu Muscat hatubebi nguo. Nguo ni za kujazia nafasi. Tunabeba achari ya embe, pilipili ya kusaga, dagaa, vileja na mafuta ya nazi. Tukirudi ni halua, tende na manukato. Mafuta ya nazi yana ujanja wake. Yakiwa chini ya nyuzi joto 24 hivi huganda, kwa hiyo unayafungasha usiku chini ya kiyoyozi yakiwa meupe, yametulia, unaamini kabisa kwamba chupa imekaza. Yakikutana na joto la Muscat la mwezi wa sita yanakuwa maji na kuanza kutafuta njia. Kwenye begi la kitambaa yataloweka kitambaa, sifongo iliyo nyuma yake na ule ubao wa chini, na harufu hiyo utaishi nayo. Kwenye gumu yanaishia kwenye bitana, unafua kwa sabuni, unaanika, yamekwisha. Tena hata mafuta ya mwenzako na maji ya samaki ya ndoo ya jirani hayapenyi ubavu wake.

Zamani kila chupa tuliifunga kwenye mfuko wa rambo. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019, Kenya Agosti 2017, na Zanzibar na Rwanda zilitangulia wote, kwa hiyo usije kushangaa ukinyang'anywa mlangoni. Mimi natumia makopo yenye kifuniko cha kukaza, nayaviringisha kwenye khanga kuukuu na kuyaweka katikati ya begi.

Ila usidanganyike kwamba gumu haliingii maji. Gamba haliingii, zipu inaingia. Begi gumu la zipu hufunguka katikati, na zipu yake huzunguka begi zima. Ukiliacha kwenye sitaha likapigwa na mawimbi, au likanyeshewa uwanjani likisubiri kupakiwa, ndani utakuta mstari wa unyevu uliofuata zipu. Yasiyopitisha maji kirahisi ni yale ya klipu yenye ukingo wa mpira, na hayo ni mazito na bei yake si ya mchezo.

Jambo jingine ambalo hulijui mpaka uwe nalo ni namna linavyofunguka. La kitambaa huinua kifuniko tu. Gumu linafunguka nusu kwa nusu, na linataka sakafu mara mbili ya ukubwa wake. Chumba cha kulala watoto watatu, godoro limetandikwa chini, utalifungulia wapi? Na afisa wa forodha akisema "fungua", la kitambaa unainua pembe moja anaona kitenge na viatu, anakupungia mkono. Gumu unalitandaza lote juu ya meza, na foleni yote nyuma yako inajua sasa una chupi za rangi gani.

Tairi ndizo huua mabegi mengi, ya aina zote mbili. Tairi nne zinazozunguka ni raha kwenye marumaru. Kwenye changarawe, mchanga wa pwani na mifereji ya vichochoroni hukwama, na kwa kuwa zimechomoza nje ya begi, ndizo za kwanza kugonga na kung'oka. Ndani ya boti ya Unguja ni shida tupu: bahari ikichafuka kidogo, begi la tairi nne linaanza safari yake lenyewe kati ya viti, na mwenyewe anajulikana kwa kulikimbilia. La tairi mbili zilizozama ndani ya pembe linatulia liliposimamishwa na linapanda ngazi za bandarini likiburutwa. Ndiyo maana kwa safari za ndani nashauri tairi mbili, na hizo utazipata zaidi kwenye mabegi ya kitambaa.

Kuhusu wizi sitasema mengi. Zipu ya kawaida hufunguliwa kwa ncha ya kalamu, kisha vichwa vya zipu vikapitishwa juu yake ikajifunga tena kama hakuna kilichotokea, kufuli likiwa mahali pake. Hili halijali kama begi ni gumu au laini. Kitambaa kina hatari ya ziada ya wembe, na mfuko wa nje usiwekwe kitu zaidi ya kandambili. Dhahabu, fedha, dawa na pasi vikae mkononi. Pawabenki pia, lakini hiyo ni kwa usalama wa ndege. Hairuhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini.

Uzito usiusahau. Begi kubwa tupu huwa kati ya kilo 3 na 5, na mashirika mengi hukupa kilo 23 kwa begi moja daraja la kawaida. Kilo mbili za tofauti ni paketi nyingi za halua. Gumu si lazima liwe zito. Polipropilini nyembamba inaweza kulishinda kwa wepesi begi la kitambaa lenye fremu ya chuma. Pima. Na lile la kitambaa lenye zipu ya kupanua, ukilipanua likapita jumla ya sentimita 158 za urefu, upana na kina, mashirika mengi watakuhesabia kuwa limezidi ukubwa hata kama halijazidi kilo.

Nyumbani, kwa sisi wa pwani, masika ndiyo mtihani. Begi la kitambaa lililohifadhiwa likiwa na unyevu hufanya ukungu, na mende hupenda mikunjo yake. Lianike juani kabla ya kulihifadhi, weka karafuu ndani, na liache zipu wazi kidogo. Gumu unalifuta kwa kitambaa, mambo yameisha.

Likiharibika, la kitambaa lina fundi kila mtaa. Fundi viatu atashona mpasuko kwa uzi wa nailoni na kubadilisha kichwa cha zipu ukisubiri. Gamba lililopasuka halishoneki. Utapigiwa ribiti na kipande cha bati, na litafanya kazi, ila halitakuwa na sura ya kwenda nalo harusini. Kama limeharibikia kwenye ndege ya kimataifa, usitoke uwanjani kabla ya kwenda dawati la mizigo, kupiga picha na kujaziwa fomu. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unataka malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee mzigo, na ukipitisha hapo umejinyima mwenyewe.

Mwenye fedha ya begi moja tu, na safari zake ni mchanganyiko wa basi, boti na ndege mara mojamoja, namwambia achukue la kitambaa, saizi ya kati, tairi mbili. Asiidharau mitumba. Kuna mabegi ya mtumba yaliyoshonwa vizuri kuliko mapya yote ya mtaa huo. Ila bonyeza tairi na mpini kwa kucha: mpira wake ukiwa unanata au unabomoka vipande, umeshazeeka kwa unyevu hata kama begi halijawahi kusafiri, na utameguka wiki ya kwanza.

Jipya au mtumba, kabla ya kulipa jaza ndani mabegi mengine ya dukani lipate uzito, vuta mpini mpaka juu, kisha liburute hadi nje kwenye barabara yenye mashimo. Muuzaji akikataa, Kariakoo duka la pili liko hatua tatu mbele.