Sensa mpya, taa ya ABS bado inawaka

Msomaji ameniandikia kwamba amenunua sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kushoto mara mbili, na mara zote mbili taa ya ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kujifunga, imewaka kabla gari halijasogea hata hatua moja. Sensa ya tatu haitamsaidia. Jibu limo humo humo kwenye ujumbe wake: "kabla halijasogea".

Ukiwasha swichi tu, kompyuta ya ABS hupeleka umeme mdogo kwenye waya za kila sensa kuona kama njia ni nzima. Ikikuta imekatika au ina shoti, taa haizimi hata gari likiwa limesimama. Njia ikiwa nzima lakini mawimbi ni hafifu, mara nyingi haigundui mpaka magurudumu yazunguke. Kwa hiyo futa kwa skana msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa na kompyuta, zima swichi, washa tena, usisogee. Msimbo ukirudi pale pale, shida ni waya, soketi au koili iliyo ndani ya sensa. Msimbo ukirudi gari likiwa barabarani, angalia ringi ya meno inayozunguka na gurudumu mbele ya sensa, kutu, nafasi kati ya sensa na ringi, au beringi iliyolegea. Msimbo kama C0035 unataja sakiti ya gurudumu, hausemi nenda kanunue sensa. Na skana ndogo inayosoma injini peke yake haioni misimbo ya herufi C, usidanganyike ikikwambia gari ni zima.

Kabla ya kupima omu, yaani ukinzani wa sensa, hakikisha ni sensa ya aina gani. Zima swichi, chomoa soketi, washa, pima volti kwenye waya zinazotoka garini. Ukikuta karibu na volti za betri, hiyo ni sensa inayolishwa umeme, na kuipima omu hakukupi jibu na kunaweza kuiua. Magari ya zamani mengi yana koili iliyozungushwa kwenye sumaku, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Koili nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,500. Usikariri namba, linganisha kushoto na kulia: 1,150 na 1,180 ni ndugu, 1,150 na 400 si ndugu. Kisha pima kila pini dhidi ya bodi ya gari. Mita isisome chochote. Joto nalo lina mambo yake. Shaba huongeza ukinzani, kwa hiyo koili ya omu 1,200 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 1,400 kwenye nyuzi 60, na hilo ni kawaida. Ikipanda ghafla mpaka mita ikose kusoma, koili inaachia ikipata moto.

Sasa kipimo ambacho mafundi wenye haraka hukiruka. Rudisha soketi ya sensa, zima swichi, chomoa soketi kubwa ya kompyuta ya ABS, upime sensa ile ile kutoka huko. Namba iwe ile ile, labda imezidi omu moja au mbili. Mita ikiwa bado imeshikilia pini, mtu azungushe usukani kutoka kona hadi kona, nawe uvute na kukunja waya taratibu pale unapopita karibu na shokapu. Namba ikiruka, umempata mwizi. Waya uliokatika ndani mara nyingi hauonyeshi jeraha kwa nje: bana kati ya vidole viwili na uukunje, utaona sehemu moja inalala kama uzi wakati kwingine inakataa. Ukichuna plastiki hapo unakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Uzi mmoja wa shaba ukibaki unagusana, mita itasoma vizuri kabisa waya ukiwa umetulia, ndiyo maana kupima bila kutikisa ni kujidanganya.

Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga kwa lehemu, funika kwa mpira unaonywea kwa joto. Viungo viwili visikae sambamba, wala visiwe kwenye mkunjo. Waya zikija zimesokotana, zisokote tena. Msokoto ndio unaopunguza kelele za umeme kutoka injini. Na tafadhali, acha kutoboa plastiki ya waya kwa sindano ya mita, maji yataingia hapo hapo.

Kama njia ni nzima, inua gurudumu juu ya stendi, weka mita kwenye volti za AC, zungusha kwa mkono kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Tarajia milivolti 100 au zaidi, zikipanda na kasi. Zikiwa chache kuliko upande wa pili, fungua sensa uangalie kutu chini yake: huinyanyua polepole mpaka inakuwa mbali na ringi. Kagua meno yote, si yale ya mbele ya macho tu, kwani ufa mmoja hula pigo moja kila mzunguko. Sensa iliyoganda usiing'oe kwa koleo, itakatika shingo. Ipe dawa ya kutu na muda.

Mwisho tembea na skana ukiangalia kasi za magurudumu yote manne, kisha punguza polepole hadi kusimama. Gurudumu linaloanguka sifuri kwenye kilomita 8 kwa saa wakati mengine bado yanasoma, ndilo linalofanya pedali ya breki itetemeke ukikaribia kusimama.