Kuifunga nchi si kazi, kazi ni kuifungua

Swali la wiki hii liliuliza: "Uchumi ukiyumba na vyama vya wafanyakazi vikawaita watu wagome na kuikaidi serikali, kuna kinachopatikana, au mnyonge ndiye anayezidi kulala njaa?"

Kipo kinachopatikana, na bara letu lina ushahidi wa kutosha. Tatizo ni kwamba kilichopatikana barabarani mara nyingi huponyoka mezani, siku ya kusaini. Magazeti huhesabu waandamanaji. Mimi ningependa tuangalie mambo mengine: kimefungwa kitu gani hasa, watu wanakula nini kuanzia siku ya nne, na karatasi ya mwisho imeandikwaje.

Mgomo wa kawaida humbana mwajiri: ongeza mshahara, turudi kazini. Wito wa kukaidi humbana mtawala, kwa hiyo unamhitaji hata asiye na mwajiri. Mwenye duka asifungue, dereva wa daladala aegeshe gari, mama ntilie asiwashe jiko. Hapo ndipo penye mtego. Mwajiriwa anahatarisha mshahara wa mwisho wa mwezi, ila mchuuzi anapoteza chakula cha jioni hiyo hiyo, na hakuna aliyemwalika kwenye kikao kilichopanga mgomo.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni cha Guinea mwaka 2007. Rais Lansana Conté alikuwa madarakani tangu 1984, mgonjwa, na serikali ikiendeshwa na wapambe. Bei ya mchele na mafuta ya magari ilikuwa imepanda hadi mshahara wa mtumishi wa kawaida ukaishia kwenye gunia la mchele. Miungano miwili ya wafanyakazi, CNTG chini ya Rabiatou Serah Diallo na USTG chini ya Ibrahima Fofana, ilikuwa imeshagoma mara mbili mwaka 2006, kuanzia Februari na tena Juni. Naichukulia migomo hiyo miwili kama mazoezi. Viongozi walijifunza nani anatii wito na nani anachungulia dirishani kwanza. Desemba 2006 Conté akaenda mwenyewe gerezani kumtoa mfanyabiashara Mamadou Sylla, aliyekuwa ameshtakiwa kwa ubadhirifu wa fedha za umma. Vyama vikatangaza mgomo usio na kikomo kuanzia 10 Januari 2007.

Ramani ya Conakry iliwasaidia sana. Mji umekaa kwenye rasi ndefu na nyembamba, na ncha yake, Kaloum, ndiyo yenye wizara, benki na bandari. Anayekwenda Kaloum hana njia nyingi za kuchagua, na nyingi zinakutana kwenye daraja la 8 Novemba. Wafanyakazi wakibaki vitongojini, serikali inabaki na majengo matupu. Halafu kuna boksiti. Guinea ina akiba kubwa kuliko nchi yoyote ya madini hayo yanayotengenezea alumini, na fedha za kigeni za serikali hutegemea migodi. Ofisi ya elimu ikifungwa wiki mbili, rais mgonjwa kijijini kwake hana habari. Treni ya boksiti ikisimama, simu zinaanza kulia kutoka ng'ambo.

Tarehe 22 Januari maelfu waliandamana kuelekea Kaloum, na askari wakafyatua risasi darajani. Viongozi wa vyama walikamatwa, kisha wakaachiwa. Tarehe 27 Januari, siku ya kumi na nane, makubaliano yakasainiwa: bei ya mchele na mafuta ishushwe, usafirishaji wa vyakula nje usimamishwe, na ateuliwe waziri mkuu wa maridhiano atakayekuwa mkuu wa serikali kweli kweli.

Kosa lilikuwa hapo hapo. Karatasi ilieleza sifa za waziri mkuu, lakini haikumfunga rais kumchagua kutoka orodha fulani. Tarehe 9 Februari Conté akamteua Eugène Camara, mtu wake wa karibu. Kisheria angeweza kusema ametimiza ahadi. Mtaani watu waliona wametukanwa, na vurugu zikaanza hata kabla vyama havijatoa tamko.

Kilichowaokoa ni kwamba Januari walikuwa wametangaza kusimamisha mgomo, hawakusema umekwisha. Kwa mtu wa nje hayo ni maneno tu. Kwa mwakilishi wa tawi ina maana kwamba kamati zinabaki kazini, madai yanabaki hai, na hakuna haja ya kuanza upya kushawishi kila idara. Tarehe 12 Februari mgomo ukarudi. Conté akatangaza hali ya hatari na kukabidhi miji kwa jeshi. Amri ya kutotoka nje ilikuwa kali kiasi kwamba mwanzoni watu waliachiwa saa chache tu za jioni kutafuta mchele, maji na dawa. Kwa kufanya hivyo serikali yenyewe ikawa imeifunga nchi kuliko mgomo ulivyoweza. Tarehe 23 Februari bunge, lililojaa watu wa chama chake, likakataa kuongeza muda wa hali ya hatari. Siku tatu baadaye akateuliwa Lansana Kouyaté, safari hii kutoka orodha iliyopendekezwa na vyama na asasi za kiraia, na tarehe 27 watu wakarudi kazini. Waliokufa katika wiki hizo walizidi 100, wengi wao vijana waliopigwa risasi na vikosi vya usalama. Anayeandika wito wa namna hii aanze hesabu yake na namba hiyo.

Sasa chakula. Viongozi wengi huamini kwamba mfuko wa mgomo utawabeba. Piga hesabu: chama chenye wanachama 10,000, kila mmoja akichanga shilingi 1,000 kwa mwezi, kitakuwa na milioni 120 baada ya mwaka. Zikigawanywa, kila mtu anaondoka na 12,000. Ni unga, mafuta na dagaa wa siku chache, basi, na asiye mwanachama hapati kitu. Fedha hizo ni heri zikae kwa mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyamudu: mawakili, dhamana, nauli za wawakilishi, matibabu ya waliojeruhiwa, na matumizi ya familia za waliokamatwa. Chakula kitoke kwingine. Mwaka 1953, mgomo mkuu wa Guinea ya wakati wa Wafaransa, ambao ndio uliomjengea jina kiongozi wa vyama aliyeitwa Sékou Touré, baadaye rais wa kwanza wa Guinea, ulidumu zaidi ya miezi miwili. Uliwezekana kwa sababu vijiji vililisha mji na baadhi ya wagomaji walirudi mashambani. Wito ukitangazwa wakati wa mavuno una pumzi. Ukitangazwa wakati ghala ni tupu, siku ya tano watu watafungua maduka kwa mlango wa nyuma, na huwezi kuwalaumu.

Nigeria walipata dawa nyingine. Tarehe 1 Januari 2012 serikali iliondoa ruzuku ya petroli, na lita ikaruka kutoka naira 65 hadi karibu 141. Miungano ya NLC na TUC ikafunga nchi kuanzia Jumatatu tarehe 9. Ijumaa ilipofika wakatangaza mapumziko ya Jumamosi na Jumapili ili mazungumzo yaendelee na watu wapate kununua mahitaji. Wapo walioona huo ni ulegevu. Naona ilikuwa busara, kwa sababu soko likifunguliwa kwa ruhusa ya chama, linafungwa tena kwa neno la chama. Likifunguliwa kwa njaa, halifungiki tena.

Silaha yao kubwa hawakuitumia kabisa. PENGASSAN, chama cha wafanyakazi waandamizi wa mafuta na gesi, kilitishia kusimamisha uzalishaji wa mafuta ghafi katika nchi iliyokuwa ikichimba takriban mapipa milioni mbili kwa siku. Tishio lilitosha kuwafanya wakubwa wakeshe wakizungumza. Tarehe 16 Rais Goodluck Jonathan akatangaza bei ya naira 97, wanajeshi wakaonekana katika mitaa ya Lagos, na vyama vikasimamisha mgomo. Vijana waliokuwa barabarani wakitaka 65 waliviita vyama wasaliti. Hasira yao inaeleweka, ila vyama navyo havikuwahi kuwaambia mapema kiwango gani kingewatosha. Dai liwe na namba mbili: ile unayoitangaza, na ile ambayo baraza lako limekubali kwa kura kwamba ikifikiwa watu warudi kazini. Ya pili ni siri ya baraza, lakini lazima iwe imepigiwa kura kabla ya siku ya kwanza.

Mawasiliano nayo yana somo lake, na Sudan ndiyo darasa. Chama cha Wanataaluma wa Sudan, muungano wa madaktari, walimu, wanasheria na wanahabari ambao serikali haikuutambua, kilikuwa kikidai kima cha chini cha mshahara mwaka 2018, wakati bei ya mkate ilipopanda katika mji wa Atbara kutoka pauni moja hadi tatu na nchi ikalipuka. Baada ya mauaji ya waandamanaji waliokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi tarehe 3 Juni 2019, intaneti ilikatwa. Bado, kuanzia tarehe 9 hadi 11 Juni, Khartoum ilinyamaza: maduka, benki, uwanja wa ndege. Iliwezekana kwa sababu kamati za mitaa zilikuwa zimeshajengwa, zikitumia vipeperushi, ujumbe mfupi wa simu na mikutano ya usiku. Oktoba 2021, baada ya mapinduzi ya kijeshi, wito ulitolewa tena na intaneti ikakatwa tena, lakini mgomo wa tarehe 7 na 8 Novemba ulikuwa wa vipande vipande. Muungano ule ulikuwa umeshagawanyika tangu 2020. Ukipokea vipeperushi viwili vyenye nembo moja na maagizo mawili, unakwenda kazini.

Mombasa walilijua hili bila simu. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma siku 12, wakakutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiembeni. Taarifa zilitolewa mbele ya wote, kwa hiyo uvumi wa mchana haukuwa na pa kukaa.

Kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya, sheria nayo isomwe kabla ya kupaza sauti. Kenya, Katiba ya 2010 inatoa haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inadai ilani ya siku saba. Lakini mgomo unaolindwa ni ule wa mgogoro wa kazi. Ukigoma kwa sababu ya kodi ya taifa, mahakama itauliza mwajiri wako amekukosea nini. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina mlango ambao wengi hawaujui: kusimamisha kazi ili kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi, hata kama hakuna mgogoro na mwajiri. Masharti yake: wito utolewe na chama au shirikisho lililosajiliwa, taarifa yenye sababu, namna na muda ipelekwe kwenye Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, siku 30 zipite, na itolewe notisi ya siku 14 kabla ya kuanza. Walio kwenye huduma muhimu, yaani maji na usafi, umeme, afya, zimamoto na waongoza ndege, hawamo. Mlango ni mwembamba, na kusubiri huko kunaipa serikali muda wa kuwaita viongozi mmoja mmoja kwa chai. Hata hivyo, kuupitia kwanza kunamlinda mwanachama wa kawaida asifukuzwe kazi, na ndiye asiye na wakili.

Hata pale ambapo sheria haikatazi, hospitali zisifungwe kabisa. Chama kitoe orodha ya zamu za wodi ya wazazi, dharura, watoto mahututi na damu, na kuibandika ukutani hospitalini kabla ya siku ya kwanza. Mama mmoja akifia mlangoni, serikali haitahitaji hoja nyingine. Hali kadhalika vizuizi vya barabarani: vikiwekwa na vijana ambao chama hakiwajui, vitaanza kutoza pesa kabla jua halijazama. Wawekwe watu wenye vitambaa mikononi, wanaojulikana kwa majina na tawi lao, na kila mmoja awe na mtu wa kushika nafasi yake akikamatwa.

Mwisho ni mkataba wa kurejea kazini, na hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa maandalizi. Uandikwe rasimu yake kabla ya mgomo. Useme hakuna atakayefukuzwa wala kuhamishwa kwa kisasi, siku zilizogomwa zitalipwa au hazitalipwa, waliokamatwa wataachiwa tarehe gani, kesi zitafutwa na nani. Kila ahadi ya bei iwe na kiasi, tarehe, na mahali itakapopimwa: bei ya gunia sokoni, isiwe bei ya tangazo la wizara. Na kama mmedai mtu ateuliwe, andikeni pia jinsi anavyoweza kuondolewa. Guinea hawakuandika. Mei 2008 Conté akamfukuza Kouyaté kwa amri, na kwa kuwa mchele ulikuwa bado ghali na wananchi walikuwa wameshamchoka waziri mkuu wao wenyewe, vyama havikuweza kuifunga Conakry tena.