Mume wangu anataka tuhamie baharini na watoto

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu Mwingereza ameshauza gari, sasa anataka tuuze na nyumba yetu hapa Southampton, tuhamie na watoto wawili (miaka 6 na 9) kwenye boti ya matanga ya futi 38. Julai tuteremke hadi Visiwa vya Canary, kisha tuvuke Atlantiki. Nikisema naogopa, ananijibu eti mimi si mtoto wa Tanga? Kuogelea kwenyewe sijui. Nifanyeje? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kuzaliwa Tanga hakumfanyi mtu baharia, mwambie hivyo. Ila mumeo hajakurupuka. Julai Ghuba ya Biscay, ile bahari kati ya Ufaransa na Hispania mtakayopita, huwa na afadhali, na wanaovuka kutoka Canary kwenda Karibi hungoja Novemba au Desemba, msimu wa vimbunga ukiisha. Ni maili za baharini kama 2,700, wiki tatu hivi bila kuona nchi kavu.

Ninachohofia ni wewe kwenda kama abiria. Chombo chenye watu wazima wawili, mmoja akilala mwenzake yuko zamu. Sasa saa nane za usiku yuko omo, mbele ya chombo, anapunguza tanga, ateleze, atumbukie. Nani atageuza boti? Watoto? Anza bwawa la kuogelea wiki hii, kisha kozi ya ubaharia, na mwalimu asiwe mumeo, kwa amani ya nyumba. Kabla ya Julai uweze peke yako kushusha tanga, kuwasha injini, kuomba msaada kwa redio, na kurudi kuliokota boya ulilolitupa mwenyewe, kana kwamba ni mtu. Hujaweza? Safari isogezwe mwaka mzima.

Halafu hukutaja pasipoti yako. Kama bado ni ya Tanzania, utahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kushuka Canary, maana visiwa hivyo ni vya Hispania. Na ukaazi wa kudumu wa Uingereza kwa kawaida hufutika ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Mumeo halimgusi hilo, ndiyo maana halimjii akilini.

Nyumba msiuze, pangisheni. Kodi isaidie matengenezo ya boti, nayo hayaishi. Shule isikunyime usingizi, sheria ya huko inaruhusu kusomesha watoto nyumbani.

Mwonyeshe jibu hili. Akikubali masharti, pesa ya kwanza inunue majaketi ya kuokolea ya watoto na mikanda ya kuwafunga kwenye chombo, kabla hajaagiza paneli nyingine ya sola.