Uliza habari za chanjo kabla dawa za kushusha kinga hazijaanza

Dada yangu alinipigia simu alfajiri. Mwanawe alikuwa ameamka na vipele vya maji kifuani na mgongoni, na dada hakuwa na wasiwasi na mtoto. Alikuwa na wasiwasi na mimi. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimempakata mpwa wangu huyo kwa saa nzima. Nikamwambia dada asihofu, kwa sababu nilipokuwa naye mtoto hakuwa na kipele hata kimoja. Sikujua kwamba tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatokeza.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili tangu nipandikizwe figo. Aliyepandikizwa figo hunywa kila siku dawa za kushusha kinga ya mwili ili isiikatae figo ngeni, na kinga hiyohiyo inayofungwa mikono ndiyo inayotegemewa kupambana na virusi. Mtoto mwenye afya akiugua tetekuwanga, kwa kawaida huwa ni wiki moja hivi ya homa na kujikuna. Kwangu mimi ugonjwa huo ungeweza kuingia mapafuni, kwenye ini, hata kwenye ubongo.

Hospitalini niliulizwa mambo mawili: umewahi kuugua tetekuwanga? Umewahi kuchanjwa? Yote mawili sikuwa na jibu. Nilimpigia mama, naye akasema watoto wake wawili waliugua lakini hakumbuki ni yupi na yupi. Damu ikapimwa, na kingamwili za tetekuwanga hazikuonekana. Daktari akaniambia kwa upole kwamba kipimo hicho kilitakiwa kufanyika kabla sijapandikizwa, kwa sababu wakati ule ningeweza kuchanjwa. Sasa haiwezekani. Chanjo ya tetekuwanga ina virusi hai waliodhoofishwa, na mtu mwenye dawa kama zangu hapewi.

Nikakumbuka miezi 14 niliyokaa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Wauguzi walikuwa pembeni yangu muda wote. Hakuna aliyeniuliza habari za tetekuwanga, nami sikuuliza. Hiyo ndiyo sababu naandika haya. Watu wakisema chanjo hazipatikani, wengi wetu tunafikiria chupa zilizokwisha kwenye friji. Kwa sisi wenye kinga dhaifu, chanjo inaweza kuwa imejaa kwenye friji na bado tukaikosa kwa sababu wakati wake umepita.

Nilipata imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, ambazo hukukinga kwa muda tu. Kwa tetekuwanga hutolewa mapema iwezekanavyo, na kikomo chake ni siku 10 tangu ukutane na mgonjwa. Hospitali ile haikuwa nayo. Ilichukua siku mbili kuipata kwingine, na ilipatikana kwa sababu dada alikuwa amepiga simu mara tu alipoona vipele. Angesubiri wiki, sijui ningekuwa wapi. Baada ya hapo niliambiwa nijiangalie kwa siku 28 badala ya 21, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuchelewesha dalili. Nilizihesabu zote 28, kila asubuhi nikijikagua mwili mbele ya kioo. Sikuugua.

Sasa niseme ninachojua leo, ambacho ningependa mtu angeniambia wakati ule.

Kwanza elewa kwamba chanjo ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowaumiza watu wengi. Ziko chanjo hai, zenye vimelea hai waliodhoofishwa: surua, matubwitubwi na rubela, tetekuwanga, homa ya manjano, kifua kikuu (ile ya BCG), polio ya matone ya mdomoni, na chanjo ya mafua inayopulizwa puani. Hizi mtu mwenye kinga iliyoshuka sana hapewi, kwa sababu hata kimelea dhaifu kinaweza kumshinda. Halafu ziko zisizo hai: mafua ya sindano, nimonia ya pneumokoka, homa ya ini B, pepopunda, HPV (virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi), polio ya sindano, UVIKO-19 ya mRNA (inayoupa mwili maelekezo tu, haina kirusi). Hizi haziwezi kukuambukiza ugonjwa unaokingwa. Hatari yake kwetu ni moja, kwamba huenda mwili usizijibu vizuri.

Nimefukuzwa kwenye meza ya chanjo mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeifuata chanjo ya mafua ya sindano. Mara ya kwanza mhudumu alisoma orodha ya dawa zangu akasema wagonjwa hawachanjwi. Mara ya pili niliambiwa umri wangu haujafika, chanjo ni ya wazee. Wote wawili walikosea, na sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wanalinda taratibu walizofundishwa. Lakini mimi nilirudi nyumbani bila kinga msimu wa mafua ukiwa umeanza.

Tangu hapo siendi bila barua. Naona barua ya daktari ndiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote nilivyo navyo, na inafaa iwe fupi. Yangu inataja ugonjwa wangu, dawa ninazotumia na kiasi chake, kisha ina sentensi mbili zilizo wazi: mgonjwa huyu asipewe chanjo yoyote yenye vimelea hai, mgonjwa huyu apewe chanjo zifuatazo zisizo hai, bila kujali umri wake, kwa sababu kinga yake imeshuka. Zinafuata jina la chanjo, idadi ya dozi, tarehe, sahihi na muhuri. Mwombe daktari bingwa wako aiandike siku ya kliniki ya kawaida, kabla hujaihitaji. Ukikataliwa hata ukiwa nayo, mwombe mhudumu kwa heshima ampigie daktari aliyesaini, au akuandikie sababu ya kukukatalia. Mara nyingi kuombwa kuandika sababu humfanya mtu aende kumuuliza msimamizi wake, na msimamizi huwa anajua.

Kuhusu wakati. Kama bado hujaanza dawa za kushusha kinga, una nafasi ambayo mimi niliipoteza. Chanjo zisizo hai inafaa zikamilike angalau wiki 2 kabla ya dawa kuanza, na chanjo hai angalau wiki 4 kabla. Anayetarajia kuondolewa wengu kwa upasuaji uliopangwa naye achanjwe dhidi ya pneumokoka na homa ya uti wa mgongo si chini ya wiki 2 kabla, maana wengu ndio unaochuja bakteria wa namna hiyo kwenye damu. Kama ugonjwa ni mkali na dawa haziwezi kungoja, basi usingoje. Daktari hatachelewesha matibabu ya kuokoa maisha kwa ajili ya sindano ya chanjo, na ana haki. Lakini uliza tu. Swali lenyewe ni jepesi: "Daktari, kabla hatujaanza dawa hii, kuna chanjo ninayopaswa kupata kwanza?"

Wengine tayari wako kwenye dawa, na hapo kila dawa ina hesabu yake. Predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga na uvimbe, ya miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki 2 au zaidi, huhesabiwa kuwa imeshusha kinga kiasi cha kuzuia chanjo hai, na mtu husubiri walau mwezi mmoja baada ya kuiacha. Dawa ya pumu ya kuvuta kwa pumzi haihesabiwi hivyo, nasema hili kwa sababu nimekutana na wenye pumu walionyimwa chanjo bure. Rituksimabu, wanayopewa baadhi ya wenye baridi yabisi, lupus na saratani za damu, huziua chembe B ambazo ndizo chanzo cha kingamwili. Ukichanjwa mara baada ya kuipata, mwili unaweza usijibu kabisa. Kwa hiyo chanjo nyingi hupangwa takriban miezi 6 baada ya dozi moja na wiki kadhaa kabla ya ile inayofuata. Mafua ya sindano hayasubiri hesabu hiyo, kwa kuwa msimu wenyewe haukusubiri. Mtu mzima mwenye VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU) zimepanda na kutulia kwenye 200 na zaidi anaweza kupewa hata chanjo ya surua, ingawa ni hai. Aliyepandikizwa uboho yeye huanza upya kabisa, kama mtoto mchanga, kwa sababu kinga ya chanjo zake za utotoni hufutika.

Tena usiridhike na kuchanjwa tu. Nilipokuwa kwenye mashine ya kusafisha damu, chanjo ya homa ya ini B nilipewa kwa kipimo mara mbili ya cha mtu wa kawaida, halafu mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho damu ikapimwa kuona kama kingamwili zimefika 10 (kwa kipimo cha mIU/mL), kiwango cha chini cha kuhesabiwa una kinga. Zangu zilikuwa hazijafika. Nikarudia. Wagonjwa wengi wanaosafishwa damu hupimwa tena kila mwaka, kwa kuwa kinga hiyo hushuka kimyakimya. Kama ulichanjwa homa ya ini B na hakuna aliyekupima baadaye, omba kipimo.

UVIKO-19 uliwafundisha watu wengi jambo hili kwa uchungu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 uliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo baada ya dozi mbili za chanjo ya mRNA, na asilimia 46 hawakuonekana kuwa na kingamwili. Agosti mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha dozi ya tatu kwa watu wa namna yetu, na Oktoba wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani wakapendekeza hivyohivyo. Huko Ufaransa, kundi la watu 101 waliopandikizwa viungo lilipanda kutoka asilimia 40 wenye kingamwili hadi 68 baada ya dozi hiyo ya tatu. Mwezi huo wa Oktoba alifariki Colin Powell, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kutokana na UVIKO-19, ilhali alikuwa amekamilisha chanjo. Niliona watu wakimtolea mfano kwamba chanjo ni bure. Iliniuma sana, kwa sababu Powell alikuwa na saratani ya chembe zilezile za uboho zinazotengeneza kingamwili. Mtu kama yeye hulindwa pia na chanjo za wanaomzunguka.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo familia inapoingia. Nilidhani kwamba kwa kuwa mimi sipewi chanjo hai, basi na watu wa nyumbani kwangu wasipewe. Ni kinyume. Surua inahitaji watu 95 kati ya 100 wawe na kinga ili isisambae, na ukuta wangu wa kwanza ni wale ninaolala nao nyumba moja. Wao wachanjwe surua, na tetekuwanga pia ikipatikana. Aliyechanjwa tetekuwanga akitokwa na vipele baada ya sindano, akae mbali nawe hadi vikauke. Chanjo ya rota (virusi vya kuharisha) ya mtoto mchanga inaruhusiwa, ila virusi vyake hutoka kwenye kinyesi, hivyo wewe mwenye kinga dhaifu usimbadilishe nepi majuma ya mwanzo kama yuko mwingine wa kufanya kazi hiyo, na anayefanya anawe mikono vizuri. Ya kuepuka kwa watu wa nyumba yako ni polio ya matone; mwambie muuguzi mapema kwamba nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu, aulizie ile ya sindano.

Wanaosafiri nao wana mtihani wao. Nchi kadhaa hudai cheti cha homa ya manjano mpakani, na chanjo hiyo ni hai. Cheti cha kimataifa kina nafasi ya daktari kuthibitisha kwamba mtu hapaswi kuchanjwa kwa sababu za kiafya. Uthibitisho huo unaweza kukuvusha mpakani, lakini haukukingi na mbu. Kama unakokwenda kuna mlipuko, mimi ningeahirisha safari.

Na ukikutana na mgonjwa wa surua au tetekuwanga, piga simu kwa daktari wako siku hiyohiyo, hata kama hujisikii chochote. Kwa surua imunoglobulini hutolewa ndani ya siku 6. Usiende kukaa kwenye foleni ya wagonjwa wengine kabla hujapiga simu. Ujue tangu sasa ni hospitali gani yenye dawa hiyo. Mimi nililijua hilo nikiwa tayari nimeambukizwa hofu.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa damu nikapita wodi ya kusafisha damu kuwasalimu wauguzi. Kwenye kitanda nilichozoea kulalia mimi alikuwepo kijana, amepata ndugu wa kumpa figo, anasubiri tarehe. Nilimuuliza kama amepimwa kingamwili za tetekuwanga na surua. Akasema hapana, kwani zinapimwa? Tukachukua karatasi, akaandika maswali matatu ya kumuuliza daktari, akaikunja na kuiweka kwenye kasha la simu yake. Kliniki yake ni Alhamisi.