Picha ya ubongo itampunguzia mdogo wangu kifungo?

Swali: Wakili, shikamoo. Mdogo wangu alianguka na boda boda, akalazwa siku kumi na moja hajitambui. Kipimo cha CT kilionyesha ameumia ubongo upande wa mbele. Tangu hapo hasira zake ni moto wa mabua. Baadaye aligombana na mtu, akampiga kwa mpini wa jembe, mtu akafa. Amekiri kosa la kuua bila kukusudia. Je, tukimwonyesha jaji ile picha, atapunguziwa? (Dada yake, Mbale)

Jibu: Marahaba, dada, na poleni. Inaweza kusaidia, ila picha peke yake haina mdomo. Mwendesha mashtaka atauliza: ni wangapi Uganda hii wameanguka na boda boda, wakaumia hivyo hivyo, na hawajaua mtu? Picha hailijibu hilo.

Jaji anatafuta uhusiano kati ya jeraha na tendo. Huko Virginia, Marekani, madaktari waliandika mwaka 2003 kuhusu mwalimu aliyeanza ghafla kutamani watoto. Alikutwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Ulipotolewa, tamaa zikaisha. Ziliporudi, uvimbe nao ulikuwa umeota tena. Ushahidi wa namna hiyo ni nadra kama maziwa ya kuku.

Wa kwenu utatoka kwa watu. Nani alimjua kabla ya ajali? Mama, aliyempa kazi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aliyekuwa akiamua ugomvi wake. Watu hao waeleze alivyokuwa na alivyogeuka. Kisha muombe apimwe na daktari wa akili, mathalani wa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Kuna kipimo kinachoonekana kama mchezo: neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani, naye ataje rangi ya wino, asilisome neno. Mwenye breki dhaifu kichwani hujikwaa hapo. Matokeo hayo yakikaa pamoja na maneno ya mama, picha inaanza kuwa na maana.

Sasa hatari yake. Jaji anaweza kusikia: "Huyu ubongo wake haurudi ulivyokuwa, basi akae ndani zaidi." Nimeyaona hayo kortini, na wakili mwenzangu akabaki ameshika karatasi. Kwa hiyo ombi lenu liseme pia atatibiwa wapi, ataishi na nani, na nani atamzuia asiguse pombe ya waragi.

Mfano wa karibu nasi ni Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Wataalamu wa utetezi walisema ana maradhi ya akili, majaji wakakataa. Lakini kutekwa kwake na waasi akiwa mtoto kulizingatiwa, na mwaka 2021 akapewa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha. Historia ya mtu ilipita pale utaalamu ulipokwama.

Msisubiri siku ya adhabu, maana mtu akikiri, mara nyingi jaji husikiliza maombi ya kupunguziwa siku ile ile. Leteni karatasi halisi za hospitali zenye tarehe, si picha ya simu.

Na jambo ambalo hukuuliza: amekaa mahabusu muda gani? Kifungu cha 23(8) cha Katiba kinataka muda huo uzingatiwe, na tangu kesi ya Rwabugande, 2017, Mahakama ya Juu ilisema upunguzwe kwenye kifungo kwa hesabu. Hesabuni siku zake, mpeleke na tarehe aliyokamatwa.