Kingamwili za ugonjwa wa miguu na midomo: majibu ya damu yana maana gani?

SWALI: Daktari, wataalamu walipita kijijini kwetu wakachukua damu ya mifugo, na majibu yakaonyesha kwamba wengi wa ng'ombe wangu wakubwa waliwahi kupata ugonjwa wa miguu na midomo, ilhali mwaka huu sijaona hata mmoja akichechemea. Je, ugonjwa huu umeenea kiasi hicho? Na ni kweli kwamba huletwa na nyati? Mfugaji, Wilaya ya Serengeti.

JIBU: Majibu hayo si ya ajabu. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kirusi, si virusi vyenyewe, na kwa kuwa kingamwili hudumu mwilini muda mrefu baada ya mnyama kupona, kinachosomwa ni historia ya ng'ombe wako na wala si hali yao ya leo. Ndiyo sababu wakubwa huonekana wameathirika kuliko ndama, maana wamepitia misimu mingi zaidi. Kama uliwahi kuchanja, wajulishe wataalamu hao, kwani chanjo ambayo kiwandani haikusafishwa vizuri mabaki ya kirusi huweza kuvuruga hata kipimo kilichokusudiwa kutenganisha mnyama aliyechanjwa na aliyeugua.

Kuhusu kuenea, ugonjwa huu umeota mizizi Tanzania na kwa majirani zetu. Aina za kirusi zinazozunguka huku ni O, A, SAT 1 na SAT 2 (SAT ni kifupi cha Kiingiereza cha maeneo ya kusini mwa Afrika), na ng'ombe aliyepona aina moja hana kinga ya kutegemewa dhidi ya nyingine. Ndiyo maana kundi lililougua msimu uliopita huweza kuugua tena.

Nyati hawana kesi ndogo, kwa kuwa huweza kubeba aina za SAT kwa miaka mingi bila kuugua. Hata hivyo, utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania umeonyesha kwamba milipuko mingi kwa ng'ombe hutokana na ng'ombe wenzao, na kwa maoni yangu tumewasingizia nyati mno huku mnada ukiachwa bila kuulizwa. Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani anaweza kufika bomani akila na kunywa vizuri, kumbe ameshaambukizwa: dalili huchukua kati ya siku 2 na 14 kujitokeza, na virusi huanza kutoka katika pumzi na maziwa kabla lengelenge la kwanza halijaonekana. Kiangazi kikiwadia, makundi ya vijiji kadhaa yakakutana kwenye lambo moja, mmoja wa namna hiyo anatosha. Malisho ya pamoja, kuazimana madume na ukubwa wa kundi huongeza hatari hiyo.

Kwa hiyo ng'ombe mgeni atengwe wiki mbili hadi nne, apewe maji yake, na kila siku umwinue mdomo wa juu kukagua fizi na ulimi, kisha utazame kati ya kwato. Chanjo inasaidia iwapo inalingana na aina iliyopo, lakini kinga yake hudumu takriban miezi 6 tu, hivyo ni busara ichomwe kabla ya mifugo kuanza kuhama kutafuta maji. Ukiona malengelenge, zuia kundi lote lisitoke na umwite afisa mifugo mapema, kwa maana ngozi na majimaji ya lengelenge bichi ndiyo sampuli bora ya kutambua aina ya kirusi, na bila kuijua aina hiyo chanjo huchaguliwa kwa kubahatisha.