Punguza geini kwanza, ndipo upange spika

Nyumba nyingi ninazoitwa kupanga muziki hapa Dodoma, kuanzia Kisasa hadi Nkuhungu, nikiigeuza amplifaya nakuta geini, ile nobu inayopanga amplifaya ikuze kiasi gani sauti inayoingia, imezungushwa hadi mwisho. Mwenyewe anaamini ameongeza nguvu. Wati haziongezeki hata moja. Geini inaamua tu amplifaya ifike kikomo chake mapema au baadaye. Ukiifungua yote, sauti ya risiva (kifaa kinachopokea sauti ya filamu na kuigawa kwa kila spika) unaigusa kidogo tu amplifaya imeshafika mwisho, na ule mvumo wa "shhh" unausikia hata filamu ikisimama. Ikipita hapo, vilele vya mawimbi vinakatwa, sauti inakwaruza, na mara nyingi anayetangulia kuungua ni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa sababu koili yake ni nyembamba.

Mimi huanza na geini chini kabisa, na viwango vya spika zote kwenye menyu ya risiva viwe sifuri. Kisha nawasha mlio wa majaribio wa risiva yenyewe, ule unaovuma kama mvua juu ya bati. Nakaa pale anapokaa mwenye nyumba, simu yenye programu ya kupima desibeli nikiishika usawa wa sikio, halafu mtu ananipandishia geini polepole hadi isome 75. Spika ya kati, za mbele, za nyuma, zote 75. Ikibaki tofauti ya desibeli moja au mbili, naimalizia kwenye menyu. Simu si kipimo cha maabara, ila tunachotaka ni spika zilingane, na kwa hilo inatosha.

Kwenye sabufa, yaani spika ya besi, usiiamini simu. Maiki yake ni ya maongezi, besi ya chini haiikamati vizuri. Ukifuata namba utaongeza mpaka vioo vitikisike. Weka nobu ya sabufa katikati, mpaka wa besi (sauti za chini ya hapo ndizo zinazoenda sabufa) uweke 80 Hz kwenye risiva, na ule wa kwenye sabufa yenyewe ufungue wote ili besi isikatwe mara mbili. Baada ya hapo tumia sikio: msikilize mwanaume akizungumza kwenye filamu. Akisikika anaunguruma kama yuko ndani ya pipa, punguza.

"Shemeji, mbona bunduki zinapasua masikio na maneno hayasikiki?" Swali hili nimeulizwa Ilazo, kwenye sebule nzuri sana: marumaru chini, kuta za saruji, madirisha mapana, zulia hakuna. Sauti ilikuwa inagonga kila upande. Tulitandika zulia kati ya kochi na televisheni, tukashusha mapazia mazito, ndipo nikaongeza spika ya kati peke yake desibeli 2. Mazungumzo yakatoka safi bila kupandisha sauti nzima. Kama mnaangalia zaidi filamu zilizotafsiriwa na madj, hiyo nyongeza iondoe: sauti ya mtafsiri mara nyingi iko sawa kushoto na kulia, na risiva ikiwa kwenye sarandi, yaani mpangilio wa kusambaza sauti kwa spika zote, huipeleka spika ya kati, itafunika kila kitu.

Na vumbi letu la kiangazi lisisahaulike. Likiziba matundu ya amplifaya, joto halitoki na itajizima katikati ya filamu hata kama geini umeipanga vizuri. Chomoa umeme, pitisha brashi laini. Ukimaliza, tia alama ya kalamu kila nobu ilipo, watoto wakizichezea ujue pa kuzirudisha.